Kuchagua kivinjari kinacholinda faragha yako kwenye simu ya Android: mwongozo kamili

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kama hutaki kuhangaika na mipangilio, pakua Brave. Kama uko tayari kukaa na simu kwa robo saa, pakua Firefox na uiongezee uBlock Origin, kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) kinachozuia matangazo. Kama simu ni ndogo na nafasi imebana, chukua DuckDuckGo. Chrome iache ilipo, ina shughuli zake chache. Yanayofuata ni sababu za jibu hilo na namna ya kulitekeleza. Mipaka yake nayo nitaieleza, maana wengi hupakua kivinjari cha faragha wakidhani kimewaficha kwa kila mtu.

Nimeandika nikimfikiria mtu wa Android kwa kuwa ndiyo simu iliyo mikononi mwa wengi wetu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura. Wa iPhone na wa kompyuta wana aya yao mbele.

## Kwanza, unajificha nani?

Wanaoweza kutaka kujua unachosoma ni wa aina nne. Wa kwanza ni tovuti zenyewe pamoja na kampuni za matangazo zilizojibanza ndani yake. Wa pili ni anayekupitishia intaneti, yaani kampuni ya simu au mwenye Wi-Fi ya hoteli. Wa tatu ni mtu anayeweza kuishika simu yako: mwenza, mdogo wako, fundi. Wa nne ni kampuni ambayo wewe mwenyewe umeingia kwenye akaunti yake.

Kivinjari cha faragha kinapambana hasa na huyo wa kwanza. Kwa wa pili kinasaidia kiasi. Kwa wa tatu, nenosiri la simu lina nguvu kuliko kivinjari chochote. Kwa wa nne hakuna kivinjari kitakachokuokoa: ukishaingia Gmail halafu ukatafuta jambo Google, Google inajua ni wewe, hata ukipitia Tor, mtandao wa kuficha unakotoka.

Sasa huyo wa kwanza anafanyaje kazi? Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni kidakuzi: kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha kwenye kivinjari chako ili ikukumbuke ukirudi, kwa mfano ikumbuke ulichoweka kwenye kikapu cha manunuzi. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja pale tangazo lililomo ndani ya ukurasa lilipoweza nalo kuacha kidakuzi chake. Kampuni moja ya matangazo ikiwa imo ndani ya gazeti unalosoma asubuhi, tovuti ya ajira unayopitia mchana na ukurasa wa dalili za kisukari unaoufungua usiku, inakutambua kotekote na kuyaunganisha yote matatu. Jina lako wala haihitaji kulijua.

Ipo njia nyingine isiyoacha kitu chochote kwenye simu. Tovuti inasoma ukubwa wa skrini yako, lugha, saa za eneo ulilopo, fonti, namna simu inavyochora picha, kisha inayajumlisha yawe alama ya kukutambulisha. Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, lilipima jambo hili mwaka 2010 na kukuta asilimia 83.6 ya vivinjari vilivyopita kwenye kipimo chake vilikuwa na alama isiyofanana na ya kivinjari kingine chochote kati ya karibu nusu milioni. Alama kama hiyo huwezi kuifuta kama unavyofuta vidakuzi.

Halafu kuna ya Juni 2025, ambayo mtumiaji wa Android inamhusu moja kwa moja. Watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba programu za Facebook na Instagram, zikiwa zimetulia nyuma kwenye simu, zilikuwa zinasikiliza kwenye milango ya mawasiliano iliyo ndani ya simu yenyewe. Msimbo wa Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, uliopachikwa kwenye tovuti nyingi duniani ulikuwa unazipelekea programu hizo ujumbe kupitia milango hiyo. Kwa hiyo tovuti uliyoifungua bila kuingia popote iliweza kuunganishwa na akaunti yako ya Facebook, hata kama ulikuwa umefuta vidakuzi, hata kama ulikuwa kwenye hali fiche (Incognito). Yandex ya Urusi ilikuwa na mtindo wa aina hiyo tangu 2017. Meta iliusimamisha wa kwake siku taarifa ilipotoka. Chrome ilikuwa inaupitisha ujumbe huo, Firefox ilizuia sehemu tu, DuckDuckGo iliguswa kidogo, na Brave haikuupitisha, kwa kuwa tangu 2022 ilikuwa imezizuia tovuti kuzungumza na milango ya ndani ya simu bila ruhusa ya mwenye simu. Hiyo ni sababu kubwa ya Brave kutangulia kwenye jibu langu la juu.

Neno moja kuhusu hali fiche. Inamzuia mtu wa tatu peke yake, yule atakayeshika simu yako baadaye na kutazama historia. Watumiaji wa Marekani waliishtaki Google mwaka 2020 wakidai iliendelea kukusanya taarifa zao wakiwa humo, na kwenye makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 Google ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kuandika upya maelezo yanayotokea unapofungua ukurasa huo. Itumie, lakini kwa kazi yake.

## Nani analipia kivinjari hiki?

Kutengeneza kivinjari ni kazi ya mamia ya wahandisi, nasi tunavipata bure. Ukijua pesa inatoka wapi, utajua mtengenezaji atavutiwa upande gani siku ya uamuzi mgumu. Swali hili nalipa uzito kuliko orodha zote za sifa zinazobandikwa Play Store.

Chrome ni ya Google, na mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato ya kampuni mama, Alphabet, yalitokana na matangazo. Januari 2020 Google iliahidi kuviondoa kwenye Chrome vidakuzi vya kampuni za nje ya tovuti unayoitembelea. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Sisemi Chrome ni mbovu. Kwa kumzuia mdukuzi asiingie kwenye simu kupitia ukurasa wenye hila, ni miongoni mwa vivinjari imara kabisa. Usalama na faragha ni mambo mawili, na Chrome ina moja.

Firefox ni ya Mozilla, inayomilikiwa na wakfu usiogawa faida. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya pesa yake inatoka Google, inayolipa ili iwe injini ya kutafutia iliyowekwa tayari. Kesi ya ukiritimba dhidi ya Google huko Washington ilifichua kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu na vivinjari kwa ajili ya nafasi kama hizo, sehemu kubwa ikienda Apple. Kwako wewe maana yake ni ndogo lakini ya muhimu: ukipakua Firefox utaikuta Google ndani, na kazi ya kuibadilisha ni yako. Kwa upande wa pili, tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta, na baadaye ya simu, inaweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye chungu chake, visionane na vya jirani, bila wewe kugusa kitu.

Brave ilianzishwa 2015 na Brendan Eich, aliyebuni lugha ya JavaScript, pamoja na Brian Bondy. Inaishi kwa matangazo yake yenyewe, huduma za kulipia na sarafu ya kidijitali iitwayo BAT. Juni 2020 ilikamatwa ikiongeza msimbo wake wa kamisheni mtumiaji alipoandika anwani ya soko la sarafu la Binance. Ikaomba radhi na kuuondoa. DuckDuckGo nayo inaishi kwa matangazo yanayofuata neno ulilotafuta wala si historia yako, na matangazo hayo huletwa na Microsoft. Mei 2022 mtafiti mmoja akagundua kwamba kivinjari chake kilikuwa kinaviachia baadhi ya vifuatiliaji vya Microsoft vipite kwa sababu ya mkataba. Agosti mwaka huo walianza kuvizuia.

Kwa hiyo malaika hayumo. Mimi namwamini zaidi anayekamatwa hadharani na kurekebisha hadharani, na hilo linawezekana tu pale msimbo wa programu uko wazi kwa yeyote kuukagua, kama ulivyo wa hawa watatu. Tor Browser, inayoishi kwa ruzuku na michango, ndiyo safi kuliko zote kwa kigezo hiki, ila nitaieleza kwa nini siiweki kwenye matumizi ya kila siku.

Mwaka 2020 Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima vivinjari sita vinaripoti nini kwa watengenezaji wake vikiwa na mipangilio viliyokuja nayo. Brave ilikuwa peke yake kwenye kundi la faragha zaidi. Chrome, Firefox na Safari zilifuata. Edge ya Microsoft na Yandex zilikuwa mwisho. Ni kipimo cha zamani kidogo, na kilifanywa kwenye kompyuta, lakini kinaonyesha jambo linalosahaulika: kivinjari chenyewe nacho kinaweza kuwa mfuatiliaji.

Na hapa ndipo ninapotilia shaka vivinjari vinavyokuja vimeshawekwa kwenye simu za bei nafuu, na vile vya bure vilivyojaa habari za udaku na michezo ya kubahatisha kwenye ukurasa wa kwanza. Mwaka 2015 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilikuta UC Browser ya Android ikituma maneno ya utafutaji, mahali mtumiaji alipo na namba za utambulisho wa simu bila ulinzi wa kutosha. Opera Mini ni kesi tofauti. Imewasaidia sana watu wa bando dogo, lakini hali yake ya kubana data kupita kiasi inafanya kazi kwa kuupitisha ukurasa kwenye seva za Opera kwanza, hata ukurasa uliosimbwa (uliofungwa kwa siri ili wa njiani asiusome), ndipo ukufikie umebanwa. Soma nayo habari za mpira ukitaka. Ya benki usiyafungulie humo.

## Hatua ya kwanza: gawa shughuli zako

Kabla hujapakua chochote, chukua dakika mbili kuorodhesha tovuti unazoingia kwa jina lako halisi: barua pepe, benki, eCitizen au KRA kwa aliye Kenya, TRA au Ajira Portal kwa aliye Tanzania, chuo, mkopo wa masomo. Orodha ya watu wengi haizidi kumi.

Hizo zibaki kwenye kivinjari kimoja, na hicho kinaweza kuwa Chrome uliyonayo. Kila kitu kingine, yaani habari, afya, mapishi, bei za simu, maswali ya usiku wa manane, kiende kwenye kivinjari kipya ambacho hutaingia akaunti yoyote kamwe. Mgawanyo huu unakulinda kuliko mpangilio wowote nitakaoutaja chini, kwa sababu unamtenga yule mtu wa nne, ambaye vizuizi vyote vya matangazo haviwezi kumgusa. Pia unaondoa kero inayowafanya wengi warudi Chrome baada ya siku tatu: ukurasa wa serikali kugoma kufunguka kwa sababu ya ulinzi mkali.

## Hatua ya pili: chagua kimoja, ukipakue mahali sahihi

Brave inakufaa kama unataka kupakua na kuendelea na maisha. Inazuia matangazo na vifuatiliaji tangu dakika ya kwanza, na inavuruga alama ya kivinjari kwa kubadilisha majibu madogomadogo inayozipa tovuti. Kwa kuwa imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Google uliojengewa Chrome, kurasa nyingi zinafunguka bila shida. Matangazo yasipopakuliwa, bando nalo hupumua. Kinachonichosha ni vikorokoro vyake: pochi ya sarafu, zawadi, msaidizi wa akili mnemba, habari. Utavizima.

Firefox inakufaa kama unataka udhibiti. Ni karibu peke yake kati ya vivinjari vikubwa inayotumia injini isiyo ya Google wala Apple, na kwenye Android inakubali viendelezi, jambo ambalo Chrome ya simu haifanyi. Kasoro yake ni ya kiufundi: wataalamu wa usalama, wakiwemo watengenezaji wa GrapheneOS, toleo la Android lililoimarishwa usalama, wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba kwenye Android iko nyuma ya Chromium katika kuzitenga kurasa zisidhuriane. Kwa mtu wa kawaida anayesasisha programu zake, sioni kama hilo linatosha kuikataa.

DuckDuckGo ni nyepesi kwa sababu haibebi injini yake; inatumia ile iliyomo tayari kwenye Android. Kitufe chake cha moto kinafuta kila kitu kwa mguso mmoja. Ina pia jambo ambalo wenzake hawana: inaweza kuzuia vifuatiliaji vilivyomo ndani ya programu nyingine za simu yako, tochi, michezo na kadhalika. Inafanya hivyo kwa kutumia nafasi ya VPN ya simu (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine), japo taarifa hazitoki nje ya simu, kwa hiyo huwezi kuwasha VPN nyingine wakati huohuo. Haina viendelezi.

Tor Browser inapitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu, kila kimoja kikijua kipande tu cha safari, na inawafanya watumiaji wote wafanane. Ni ya mwandishi wa habari anayemlinda chanzo chake, au mtu mwenye sababu ya kweli ya kuogopa. Kwa kila siku ni nzito: polepole, mafumbo ya kuthibitisha kuwa wewe si roboti kila kona, na benki ikiona unaingia kutoka nchi tatu kwa saa moja inaweza kuifunga akaunti.

Ukipakua, tumia Play Store na utazame jina la mtengenezaji chini ya jina la programu: Brave Software, Mozilla, DuckDuckGo, The Tor Project. Usichukue faili la APK uliloletewa kwenye kundi la WhatsApp hata kama aliyelituma ni ndugu yako. Mwenye simu ya kumbukumbu ndogo anayechagua DuckDuckGo ahakikishe pia Android System WebView imesasishwa, maana ndiyo injini yenyewe. Kwenye Android 7 hadi 9 kazi hiyo kwa kawaida hubebwa na Chrome, kwa hiyo usiizime Chrome kwenye simu hizo.

## Hatua ya tatu: kiweke kiwe chaguomsingi

Usipofanya hivi, kila kiungo utakachobonyeza kwenye SMS au barua pepe kitaendelea kukupeleka Chrome. Ingia Mipangilio ya simu, Programu, kisha Programu chaguomsingi, kisha Programu ya kivinjari, uchague kipya. Majina hubadilika kidogo kutoka Samsung hadi Tecno. Usipoyaona, andika neno kivinjari kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya Mipangilio. Aikoni ya Chrome itoe kwenye skrini ya kwanza na kuiweka ndani. Kidole kina mazoea yake.

## Hatua ya nne: mipangilio

Kwa Firefox, ndizo hizi:

- Fungua menyu, ingia Extensions, ongeza uBlock Origin. Hakikisha jina lina neno Origin na mtengenezaji ni Raymond Hill. Kuna nyingine iitwayo uBlock tu, si hiyo.
- Kwenye ulinzi dhidi ya ufuatiliaji, toka kiwango cha kawaida uende "Strict".
- Washa hali ya HTTPS pekee, ili kivinjari kikuonye kabla ya kufungua ukurasa usiosimbwa.
- Washa kufuta data unapofunga kivinjari. Kwa kuwa hiki ni cha matembezi, huna cha kupoteza.
- Zima ukusanyaji wa data za matumizi, na uondoe njia za mkato za wadhamini kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa Brave kazi ni kupunguza kuliko kuongeza. Ficha aikoni za zawadi na pochi, zima habari na ripoti za matumizi zinazotumwa kwa kampuni. Kwenye Shields, sehemu yake ya ulinzi, pandisha uzuiaji wa matangazo hadi kiwango kikali, na uwashe uzuiaji wa yale mabango ya kuomba ridhaa ya vidakuzi. Tovuti ikigoma, gusa alama ya simba na uushushe ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake.

DuckDuckGo haina mengi. Washa ulinzi wa programu nyingine kama hutumii VPN, na uzoee kubonyeza moto.

Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi manenosiri, kataa, kwa kuwa hiki hakiingii popote. Ukiamua baadaye kuhamisha manenosiri kutoka Chrome, fahamu kwamba faili linalotoka huwa ni maandishi ya wazi anayoweza kuyasoma yeyote. Lifute mara tu linapoingizwa mahali papya, na uhakikishe halikubaki kwenye folda ya vipakuliwa wala kwenye Google Drive.

## Hatua ya tano: injini ya kutafutia

Kivinjari safi chenye Google ndani yake ni kazi nusu. Weka DuckDuckGo, Startpage ya Uholanzi au Brave Search. Niseme ukweli, kwa maswali ya Kiswahili Google bado inaona mbali zaidi: ukitafuta ofisi ya kata au duka la vipuri Kariakoo, injini nyingine mara nyingi hubabaika. Ndiyo maana nafurahia mkato wa DuckDuckGo. Andika !g mbele ya swali nalo linapelekwa Google, kwa swali hilo tu.

## Hatua ya sita: DNS

Kila unapoandika anwani ya tovuti, simu yako inauliza mahali ilipo kwa mashine iitwayo DNS, na kwa kawaida mashine hiyo ni ya kampuni yako ya simu, na swali huenda wazi. Tangu Android 9 ya mwaka 2018 unaweza kulisimba. Ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, tafuta Private DNS au DNS ya faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma, uandike dns.quad9.net au one.one.one.one. La kwanza ni la Quad9, shirika lisilo la faida lenye makao Zurich, ambalo pia huzuia tovuti zinazojulikana kwa ulaghai. La pili ni la Cloudflare.

Usitarajie makubwa. Kampuni ya simu haioni tena swali, lakini mara nyingi bado inaona jina la tovuti wakati simu inaposalimiana na seva. Haioni ukurasa gani wala ulichoandika humo. Na Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege yenye ukurasa wa kuingilia inaweza kukataa kufunguka. Zima DNS hiyo kwa muda, ingia, uiwashe tena.

Watu wengi hapa hukimbilia VPN ya bure. Kumbuka VPN inahamisha tu macho kutoka kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN, na swali la nani analipia linarudi palepale. Aliye Tanzania ajue pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliwataka wanaotumia VPN kujisajili.

## Hatua ya saba: pima, kisha ishi nacho

Fungua coveryourtracks.eff.org, kipimo cha lile shirika la Electronic Frontier Foundation, kwenye Chrome, kisha kwenye kivinjari kipya. Tazama kwanza kama vifuatiliaji vimezuiwa. Kuhusu alama, Brave itakuambia inabadilikabadilika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Firefox inaweza kuonyesha alama ya pekee hata baada ya kazi yote uliyofanya. Ulinzi wake wa aina hii hutegemea zaidi kuzuia msimbo wa kampuni zinazosoma alama hizo usipakuliwe kabisa, na kipimo hakilioni hilo.

Kisha kitumie kama kawaida. Ukurasa ukivunjika, fuata mpangilio huu: pakia upya, shusha ulinzi wa tovuti hiyo moja, ikishindikana, ifungue kwenye kivinjari cha akaunti. Usizime ulinzi wote kwa ajili ya tovuti moja. Na viache vivinjari vyote viwili vijisasishe vyenyewe, hata kama ni kwa Wi-Fi tu. Kivinjari cha faragha kilichozeeka ni hatari kuliko Chrome mpya.

## Kivinjari usichokiona

Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook, Instagram au TikTok, mara nyingi ukurasa haufunguki kwenye kivinjari chako. Unafunguka kwenye kivinjari kilichofichwa ndani ya programu hiyo. Agosti 2022 Felix Krause, aliyewahi kuwa mhandisi wa Google, alionyesha kwamba vivinjari hivyo kwenye iPhone hupachika msimbo wao ndani ya kila ukurasa unaofungua, na ule wa TikTok ulikuwa na uwezo wa kufuatilia kila herufi unayobonyeza. TikTok ilijibu kuwa ni kwa ajili ya kurekebisha hitilafu. Vyovyote iwavyo, gusa vile vidoti vitatu juu ya ukurasa na, chaguo hilo likiwapo, uchague kufungua kwenye kivinjari cha nje, hasa kabla ya kuandika nenosiri au namba ya kadi. Ukiweza, itumie Facebook yenyewe kupitia kivinjari cha akaunti na uiondoe programu. Ile njia ya Juni 2025 ilihitaji programu iwepo kwenye simu.

## Wa iPhone, wa kompyuta, na wa saiba

Kwenye iPhone, isipokuwa maeneo machache kama Umoja wa Ulaya, vivinjari vyote vinatakiwa kutumia injini ya Apple, kwa hiyo tofauti kati yao ni ndogo. Safari yenye uBlock Origin Lite inatosha. Kwenye kompyuta, Firefox na uBlock Origin kamili ndiyo chaguo langu. Chrome imeshakizuia kiendelezi hicho kwa kanuni zake mpya za viendelezi. Mwenye kutaka zaidi ajaribu Mullvad Browser, iliyotoka 2023 kwa ushirikiano na Tor Project.

Kwenye saiba au steshenari, pale unapojaziwa fomu za kodi au maombi ya chuo, kivinjari si chako na huwezi kukipanga. Huko ndiko hali fiche inakostahili. Iombe ifunguliwe kabla hujataja namba yako ya NIDA au PIN, andika nenosiri kwa mkono wako, kataa kivinjari kikiuliza kulihifadhi, na ukimaliza toka kwenye akaunti kabla ya kufunga dirisha. Kisha fungua folda ya vipakuliwa ukiwa bado umekaa: hali fiche haifuti mafaili, na nakala ya kitambulisho chako iliyoskaniwa inaweza kuwa bado imo humo, na kwenye barua pepe ya steshenari kama uliituma kupitia hapo.